Fundi Hasikii

9 Machi

Sindano,

Salamu za kwenye vitabu nazijua, ila dereva wa lori la dawa la hospitali yenu amesimama mlangoni na injini inatikisa kuta, kwa hiyo naziruka. Sisi wazima. Mama yako ameniamuru niandike kwamba anakusalimu, nami nimeandika.

Kifurushi cha barakoa kimefika. Mama yako alivaa moja kwenda sokoni akarudi amefura. Watoto walimfuata nyuma wakisema mgonjwa huyo, na muuza nyanya akamwomba aonyeshe kwa kidole tu, asiguse. Amesema hata kama ni binti yake aliyemtumia, hatembei tena amejifunga mdomo kama mtu anayeficha jino bovu. Zimelala kwenye droo pamoja na bobini za cherehani.

Ila ugonjwa wenu umeniletea kazi. Washonaji wote wa mtaa wameacha sare na suruali, wanashona barakoa, na wewe unazijua cherehani za watu hawa. Mafuta hawatii, halafu wanapitisha kitambaa safu nne kwa sindano ya kushonea leso. Nina mashine tisa mezani na mbili chini.

Shida ni moja. Wanakuja wamevaa walichoshona. Mtu anasimama mbele yangu, macho yanacheza, kitambaa kinarukaruka, na mimi siambulii neno. Tangu kiwanda cha nyuzi kilipoyala masikio yangu, ukiwa darasa la pili, mimi nasikia kwa macho. Tangazo uliloniandikia kwa rangi nyekundu bado lipo mlangoni: FUNDI HASIKII. MTAZAME USONI UNAPOSEMA. Jana nimeongeza chini yake kwa mkono wangu: SHUSHA BARAKOA KWANZA.

Wanashusha bila tabu, tena kwa heshima. Mikasi, yule mshona suruali jirani yetu, anasema kumwongelesha mtu mzima umefunika mdomo ni utovu wa adabu hata kama masikio yake ni mazima. Siku hizi nacheka naye kuliko zamani.

Kula vizuri. Kwenye picha uliyotuma unaonekana mwembamba kuliko hilo jina nililokupa.

Baba yako


14 Machi

Baba, shikamoo.

Futa maneno uliyoongeza kwenye tangazo. Weka barua chini, kafute, kisha rudi uendelee kusoma.

Ugonjwa huu unatoka kwenye mdomo wa anayeongea. Kila anayeshusha barakoa ili akwambie uzi unakatika anakupulizia alicho nacho kifuani, na huenda mwenyewe hajijui kama anaumwa. Wewe unamsogelea mtu ili umsome vizuri, nakufahamu. Unasogea mpaka pua zinakaribia kugusana. Una miaka sitini na nane, baba, na hayo mapafu uliyarudisha kutoka kiwandani yakiwa yamejaa pamba.

Najua ni mimi niliyezunguka mtaa mzima nikiwafundisha watu wakufunulie uso. Nilikuwa nawashika kidevu na kuwageuza upande wako, watu wazima kabisa, na wewe ukicheka. Sasa nakuomba uwaambie kinyume chake. Nunua ubao mdogo na chaki, waandike.

Nimempigia mama nikampa masharti yote ya nyumbani, moja moja, na akayarudia ili nihakikishe ameyashika. Aliniuliza kama mimi ndiye niliyemzaa yeye. Ila ameahidi.

Mimi mzima. Tumeongezewa wodi ya pili, ile iliyokuwa ya watoto. Vitanda ni vifupi, tunaweka stuli miguuni.

Mwanao,
Sindano


19 Machi

Sindano,

Nimefuta. Nimekwangua kwa bisibisi mpaka mbao ikaonekana.

Ubao wako umedumu siku mbili. Nusu ya wateja wangu hawakushika chaki tangu waache shule, na wale wanaojua kuandika wanaandika riwaya. Mmoja alijaza pande zote mbili kabla hajafika kwenye mashine yenyewe. Mwingine aliandika "imekufa" akaniachia, nikaivua yote, kumbe mkanda tu umelegea.

Kwa hiyo nimetumia akili. Nimeweka stuli katikati ya mlango na meza yangu, na mama yako anakaa hapo. Mteja anabaki mlangoni, anamweleza mama yako, naye ananigeukia na kuniambia. Mimi niko hatua nne kamili, nimezipima. Hakuna anayenisogelea na mimi simsogelei mtu. Midomo ya mama yako naisoma hata nikiwa nusu usingizini, tangu masikio yafe sijakosea neno, labda yale niliyojifanya sikuyaona.

Mama yako ameipenda kazi. Kabla ya saa nne asubuhi ana habari za mtaa mzima, na ananipa chache tu, nyingine anajiwekea. Jana nilimwona anacheka na Mikasi dakika nyingi, nikauliza wamesema nini, akanijibu eti pedali yake inakwama.

Habari mbaya ni za yule mzee wa saa, nyumba ya mwisho kabla ya bomba. Alichukuliwa na gari la afya, na mlango wao ukachorwa alama kwa chokaa. Mkewe akienda kuteka maji watu wanaondoa ndoo zao. Mama yako aliyaona hayo. Jioni akaniuliza, "Wakikuchukua wewe, nani atakwambia kitu huko, wote wamefunika nyuso?" Nikamwambia hanichukui mtu, nina mashine kumi na moja. Hakucheka.

Baba yako


24 Machi

Baba, shikamoo.

Naandika kifupi, tumepungua huku na zamu zimekuwa ndefu.

Hatua nne ni nzuri, umenipunguzia mawazo. Ila hukuniambia mama amevaa nini akiwa kwenye stuli. Ili wewe umsome lazima mdomo wake uwe wazi. Na wale wateja, wakiwa mlangoni na mashine zinajaribiwa nyuma, wanasema naye wamefunika au wanashusha ili awasikie? Niandikie ukweli, usinichekeshe.

Jambo la pili ni simu yake. Tangu Jumamosi hapokei. Ananitumia ujumbe tu, anasema kipaza sauti kimeharibika. Mwambie Mikasi amsaidie kuipeleka kwa fundi wa simu. Kusoma "tuko salama" hakunitoshi, nataka nisikie sauti yake.

Sindano


29 Machi

Sindano,

Ukweli ni kwamba wanashusha. Mama yako anashusha, na wao wanashusha, kwa sababu nikizungusha mashine hakuna anayesikia kitu hata mwenye masikio. Haya, nimesema. Ila suala hilo limekwisha lenyewe, maana mama yako ameniachia stuli yangu. Ni siku ya tano leo. Ameninunia.

Kosa langu silijui. Nimelitafuta kila mahali. Labda ni kwa sababu nilimwambia supu imepoa, labda ni kile kicheko cha pedali nilichokirudia mara mbili mbele za watu. Ninachojua ni kwamba amevaa moja ya barakoa zako na haivui, hata humu ndani, hata tukiwa wawili tu. Nikimwuliza kitu ananionyesha kwa mkono: kula, lala, funga mlango. Chakula ananiwekea mezani kisha anaenda kula kwake uani. Amehamishia godoro kwenye chumba cha vitambaa, na mlango anaufunga kwa ndani. Kweli ameniweza. Mtu mwingine akinuna anakunyima maneno, huyu amenichukulia mdomo wote.

Saa nyingine namwona amenipa mgongo, ameshika ukuta, na mabega yanamtikisika. Mara ya kwanza nilidhani ananicheka. Sasa nadhani analia, na hilo linaniumiza zaidi. Nikimwendea anainua mkono nisimame pale pale. Uso wake umepungua. Mtu akinuna siku tano hata chakula hakishuki, nadhani.

Simu yake haina shida yoyote. Juzi Mikasi aliiazima akazungumza na mwanawe robo saa nzima, nilimwona kwa macho yangu. Kwa hiyo na wewe amekununia. Tumefanya nini sisi wawili?

Nakuomba umwandikie ujumbe mzuri, ninyi wanawake mnaelewana. Mwambie mzee ameomba msamaha, na kama kosa nimelisahau basi nimeomba kwa yote. Nyumba imekuwa kubwa mno. Siku tano hakuna aliyeniambia neno, Sindano, nimeanza kujisemea mwenyewe mbele ya kioo ili nione midomo ikicheza.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Mama hajanuna. Mama anaumwa.

Anakohoa. Hayo mabega ni kikohozi. Wewe unamwona lakini humsikii, na mimi ningemsikia lakini amenikatia simu ili nisimsikie. Nimempigia mara ishirini leo. Anakata, kisha anatuma ujumbe: "Baba yako ana kazi nyingi, usimsumbue." Wewe simu huna, namba ya Mikasi sina, ya jirani yeyote sina, na barabara kwa abiria zimefungwa. Nimemwapisha dereva asisimame popote.

Nilipompa masharti ya nyumbani nilimwambia hivi: ndani ya nyumba, barakoa avae yule anayeumwa, alale chumba chake, asile na mwenzake. Akayarudia. Anayafuata moja baada ya jingine, baba. Anakulinda. Na amenyamaza ili mlango wenu usichorwe chokaa na wewe usichukuliwe mahali ambapo hakuna wa kukusemesha.

Gonga mlango wa chumba cha vitambaa. Akikataa, vunja. Tazama kucha zake na midomo yake. Kama zimekuwa za bluu, au kama akitembea hatua kumi anashindwa kupumua, usingoje hata dakika moja. Mwite Mikasi, apige simu hospitali. Wewe vaa barakoa, usimshike, fungua madirisha yote.

Nenda sasa.

Sindano


9 Aprili

Sindano,

Najua hospitali walikupigia kabla yangu. Hata hivyo nakuandikia, maana kuna usiloambiwa.

Barua yako ilifika Jumapili saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeshika kichwa cha cherehani. Nilisoma mstari wa kwanza nikasimama na bisibisi mkononi. Mlango haukuwa umefungwa kwa ndani siku hiyo, nadhani hakuweza kuufikia. Alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea marobota ya kitambaa, barakoa ipo usoni. Nilifanya ulichonikataza. Nilimwekea kiganja mgongoni, kama ninavyofanya na mashine nikitaka kujua kinachokwama. Nikahisi. Yote ambayo sikuyasikia kwa siku kumi na mbili yalikuwa pale chini ya kiganja changu.

Mikasi alipiga simu, na gari likaja upesi. Mtaa mzima ulisimama mbali. Mmoja alikuwa amekwisha kuleta kopo la chokaa.

Hospitali wakanizuia getini. Muuguzi aliyefunikwa toka utosini hadi viatuni alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu. Mama yako akamshika mkono asimame, akanigeukia, akasema kitu. Si neno moja. Alisema kwa muda, ananitazama machoni, na kitambaa kile kinaingia na kutoka. Nikamwonyesha ashushe. Nikamwomba kwa mikono miwili, nikapiga magoti pale kwenye changarawe watu wakiona. Akatikisa kichwa. Akarudia tena maneno, marefu yale yale, halafu akamwachia muuguzi mkono.

Jumanne walimzika watu waliovaa mavazi ya plastiki. Nilisimama nyuma ya kamba. Sikujua hata ni saa ngapi walimaliza kuomba, maana hakuna mdomo niliouona.

Silii kwako, nalia peke yangu ninapoweza. Nina ombi moja tu. Wewe ni wa kabila lao, manesi wanajuana. Mtafute yule aliyekuwa anasukuma kiti Jumapili mchana. Yeye alikuwa karibu, ana masikio. Muulize mama yako alisema nini.

Baba yako


13 Aprili

Baba, shikamoo.

Bado hawaturuhusu kutoka. Nimeomba mara tatu. Ningekuwa hapo.

Nimempata yule muuguzi kwa simu. Anakumbuka vizuri. Amesema mama alisema hivi: "Mume wangu mpenzi, usijilaumu kwa lolote. Nimekusamehe na wewe unisamehe. Tunza afya yako, na umtunze binti yetu." Kisha akasema hana maumivu na haogopi.

Kwa hiyo yashike hayo maneno, baba, na ulale. Je, una homa? Una kikohozi? Mwambie Mikasi anitumie ujumbe kila siku asubuhi, nimekuandikia namba yangu nyuma ya karatasi hii.

Mwanao akupendaye,
Sindano


18 Aprili

Sindano,

Homa sina. Kikohozi sina, Mikasi amenisikiliza kwa sikio lake akiwa mlangoni na amethibitisha. Siku kumi na tatu zimepita tangu nimguse, na mwili wangu umekataa kuumwa, sijui kwa nini. Karakana nimeifunga. Mashine za watu nimezipanga nje, kila moja na jina lake, wamezichukua wenyewe.

Sasa tuje kwenye barua yako. Nimeisoma mara moja nikaikunja. Mwanangu, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Miaka thelathini na moja ya ndoa mama yako hakuwahi kuniita mume wangu mpenzi. Aliniita "wewe". Akiwa na furaha aliniita "wewe fundi". Siku uliyozaliwa, alipokuonyesha kwangu, alisema, "Wewe, tazama ulichofanya." Kusamehe hakujua kusema, alikuwa anakupakulia nyama zaidi, basi umejua yamekwisha. Na kwamba haogopi, mimi niliyaona macho yake, Sindano. Macho hayakuwa yamefunikwa.

Sikukasirikii. Umenitengenezea maneno kama unavyomfunika mtu shuka. Ila mimi ndiye niliyemweka kwenye stuli ile. Nilihesabu hatua nne kutoka kwenye mdomo wa mteja hadi kwangu, na sikuhesabu hata moja kutoka kwa mteja hadi kwake. Nilijiona mjanja nikakuandikia kwa kujisifu. Mtu aliyefanya hivyo anastahili kuambiwa alichoambiwa, hata kama ni tusi. Na ikiwa alinitukana nitafurahi, maana litakuwa lake.

Kila nikifumba macho naona kitambaa kinaingia na kutoka. Najaribu kukisoma. Nimemweka Mikasi mlangoni na barakoa yake, nikamwambia aseme sentensi hii na ile, nitazame kitambaa kinavyokwenda nilinganishe. Amejaribu siku mbili. Jana alikataa, akaenda zake akijifuta macho.

Niambie ukweli. Alisema nini?

Baba yako


22 Aprili

Baba,

Hakuna anayejua.

Muuguzi nimempata kweli, hilo sikukudanganya. Anamkumbuka mama kwa sababu alimshika mkono kwa nguvu. Lakini jenereta ya hospitali iko pale pale getini, na siku hiyo ilikuwa inawaka. Yeye amevaa kofia, barakoa mbili na kioo cha uso. Aliona mama anakusemesha akangoja amalize, kwa adabu, akidhani wewe unasikia. Anasema angejua kwamba husikii angeinama. Amelia kwenye simu mpaka nikawa mimi ninayembembeleza.

Hakuna aliyesikia, baba. Si wewe peke yako.

Niliyaandika yale maneno kwenye chumba cha nguo chafu, nimekaa juu ya mashuka, kwa sababu sikuweza kukuandikia haya. Nisamehe. Na kuna jingine nililokuficha. Toka Machi tumezika wenzangu watano wa wodi hii, na yule niliyekuwa nalala naye chumba kimoja ni wa tano.

Wamenipa ruhusa. Nitafika Jumatatu na lori. Nimepimwa na nimeonekana mzima, lakini na yule mwenzangu alipimwa akaonekana mzima, Ijumaa, na Jumatano hakuwepo. Kwa hiyo nitalala chumba cha vitambaa, na tutakaa uani, wewe upande wako na mimi upande wangu, siku kumi na nne. Nitavaa barakoa muda wote. Nitakuandikia kila kitu kwenye karatasi, hata salamu, hata utani.

Najua utataka kuniona uso. Usiniombe niishushe, baba. Ukiniomba nitaishusha.

Sindano